Shangazi, mvua itanyesha Amsterdam: niende Pride na mdogo wangu au nibaki?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Voi, muuguzi katika nyumba ya wazee mjini Düsseldorf, Ujerumani. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, alinifuata huku kusoma na sasa anafanya kazi Cologne. Baba alipofariki mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo kwangu yeye ni ndugu na ni mtoto.

Mwaka jana alikuja kunitembelea. Tulikuwa jikoni, mimi naosha vyombo, yeye anapanguza. Akaniambia kwamba anapenda wanaume, na kwamba amejijua hivyo tangu shule ya upili. Sikupiga kelele wala sikulia. Nilisema "sawa," nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Hatujaligusa tena hadi leo. Tunapigiana simu kila wiki, tunaongea kazi, mama, kodi ya nyumba, basi.

Mwezi uliopita akanipigia nikiwa zamu. Anataka twende pamoja Amsterdam, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kwenye Pride, sherehe ya wapenzi wa jinsia moja, ile siku mashua zinapopita kwenye mifereji ya mji. Ameshalipia hoteli, chumba cha vitanda viwili, Ijumaa hadi Jumapili, na pesa hazirudishwi. Rafiki zake watatu watakuwepo na ameshawaambia kwamba dada yake anakuja. Nilisikia sauti yake ilivyojaa furaha, nikakubali kabla sijafikiri.

Sasa shangazi, nimeangalia hali ya hewa. Ijumaa mvua, Jumamosi mvua, Jumapili mvua. Na nikuambie ukweli, nilipoiona nilifurahi. Nimeandika ujumbe, "Naona mvua itatuharibia, tungoje mwaka ujao," lakini bado sijautuma.

Naogopa picha. Tuna binamu ambaye hakuna kitu mtandaoni kinachompita, na kikimfikia kimefika kwa mama. Nikionekana pale, kundi la WhatsApp la kwaya yetu litaniuliza nini, nami nitajibu nini? Halafu sijui watu hufanya nini huko. Nimeambiwa wengine hukaa uchi. Nitasimama mvuani siku nzima nikitazama nini, kati ya watu nisiowajua? Mdogo wangu naye anauliza kama tulipie nafasi kwenye mashua, au tubebe miavuli tu tusimame kando.

Niutume ule ujumbe au niufute?

Dada Mtu, Düsseldorf

*

Marahaba mwanangu.

Ufute. Nitakueleza kwa nini, halafu nitakueleza namna ya kukaa mkavu, maana yote mawili umeyauliza.

Mdogo wako akiusoma ujumbe ule atajua. Anaishi Cologne, mvua ya huko anaijua. Anajua pia kwamba unaamka alfajiri, theluji inaanguka, unakwenda zamu, na hujawahi kumpigia mkubwa wako wa kazi kumwambia leo kuna baridi. Mtoto uliyemlea mwenyewe hashindwi kukitambua kisingizio chako. Kitakachobaki moyoni mwake ni kwamba mwaka jana ulisema "sawa", na mwaka huu, alipokuomba uje ukae karibu naye, ukaona mvua.

Kama kweli huwezi kwenda, usiende, lakini mwambie sababu yenyewe. Mwambie, "Naogopa picha." Mwambie, "Sijui nitakaa vipi na rafiki zako." Hayo anaweza kuyajibu. Mvua hawezi kuijibu. Ila mimi naamini unaweza kwenda. Mtu asiyetaka kabisa angekuwa ameutuma ujumbe siku ileile, asingeniandikia mimi.

Sasa tuje kwenye mvua yenyewe. Agosti mjini Amsterdam joto la mchana huwa kama nyuzi 22, na mvua yake mara nyingi ni ya vipindi: inapiga, inakatika, jua linatoka, wingu jingine linaingia kutoka baharini. Ile picha ya wingu uliyoiona kwenye simu haikuambii kama ni mvua ya dakika ishirini au ya mchana kutwa. Wenyeji hutumia programu iitwayo Buienradar, ambayo inaonyesha kwenye ramani mawingu ya mvua yanavyosogea katika saa mbili hivi zijazo. Ipakue kabla hamjaondoka. Mkiona wingu linawajia, mnaingia mahali kunywa chai. Likishapita, mnatoka. Hakuna sheria inayosema lazima usimame pale tangu mwanzo hadi mwisho.

Miavuli acheni hotelini. Kwenye kingo za mifereji watu husimama wamebanana, na mwavuli wako utamziba aliye nyuma na kumchoma jicho aliye kando. Upepo ukiamka hata hautakufaa wewe mwenyewe. Vaa koti jepesi la mvua lenye kofia, refu kidogo, lifike mapajani. Suruali ya jinzi ikilowa itabaki imelowa hadi usiku, kwa hiyo tafuta ya kitambaa chepesi. Na viatu, mwanangu, viatu ni muhimu kuliko hata koti. Mitaa mingi ya katikati ya mji ni ya matofali, na reli za tramu zikilowa huteleza kama sabuni. Vile viatu vyako vya zamu, vyenye soli ya mpira, ndivyo hasa vinavyotakiwa. Weka soksi za akiba kwenye mfuko wa plastiki, na simu nayo iwe na mfuko wake.

Beba pia leso. Ile nzito ya pamba, si ya kuonyesha watu. Utaikunja uikalie kwenye ngazi za mawe zilizolowa, utajitanda mabegani jua likizama, utapangusia miwani. Katika safari ya mvua sijaona kitu chenye kazi nyingi kuliko leso.

Nafasi ya kulipia kwenye mashua mimi sikushauri, hasa wewe unayekwenda mara ya kwanza. Mashua nyingi za watazamaji ziko wazi juu, mvua itawapata palepale mlipokaa. Ukishapanda, huwezi kushuka unapotaka wala kwenda haja kwa urahisi, na kwa mtu mwenye wasiwasi kama wako, kufungiwa ndani ya mashua na kundi la watu kwa saa kadhaa ni mateso. Kusimama ukingoni ni bure, na ukichoka unaondoka. Hizo pesa zitumieni kula vizuri.

Umeniuliza utatazama nini. Gwaride hilo la mashua lilianza mwaka 1996. Linaanza kama saa sita mchana na kuendelea hadi jioni, na mashua zinazoshiriki hukaribia 80. Hupita kwenye mto Amstel na mfereji wa Prinsengracht, na kila mashua ina kundi lake, rangi zake na muziki wake. Utaona polisi waliovaa sare, wanajeshi, wafanyakazi wa benki, wauguzi kama wewe, vyama vya siasa, wazee. Mwaka 2013 chama cha soka cha Uholanzi kilikuwa na mashua yake, na Louis van Gaal, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa, alikuwa ndani yake. Mwambie mdogo wako hilo kama ni mpenzi wa mpira, mtapata la kuongea njiani.

Uchi? Utaona vifua wazi, chupi zinazometameta, mikanda ya ngozi na manyoya ya rangi zote, hata kwenye mvua. Baadhi ya hayo hutayapenda, na hakuna atakayekulazimisha uyapende. Ila pembeni yako kuna uwezekano mkubwa atakuwepo baba aliyembeba mtoto mabegani, na bibi kizee aliyekuja na kiti chake cha kukunja. Mji mzima hutoka. Ukishafika utaona kwamba hakuna anayekutazama wewe.

Jaribuni kupata nafasi karibu na daraja. Madaraja ya Prinsengracht ni ya chini, na mashua ikikaribia, watu wote waliomo huinama, mapambo yaliyosimama hulazwa, bendera zinashushwa, na ikitokeza upande wa pili wote huinuka pamoja kwa kelele. Hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na mvua haiipunguzi hata kidogo.

Mkiwa upande wa Amstel, mtaliona jengo kubwa lililo ukingoni ambalo nusu yake ni ukumbi wa opera na nusu ni ofisi za manispaa. Kwenye manispaa ya mji huo, saa sita usiku kuingia tarehe 1 Aprili 2001, meya Job Cohen aliwafungisha ndoa wapenzi wa jinsia moja, jozi nne, na Uholanzi ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kisheria. Muulize mdogo wako alikuwa wapi alipolisikia hilo kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana Voi, akiishi nyumba moja nawe, na kuna mambo aliyokuwa akiyabeba peke yake wakati wewe unahangaika na karo yake. Hilo ndilo la kuongea, si kodi ya nyumba.

Mvua ikizidi kweli, ya kutwa, mna pa kwenda. Kutoka kituo kikuu cha treni ni mwendo mfupi kwa miguu hadi maktaba kuu ya mji, Oosterdok. Kuingia ni bure, kuna joto, kuna choo, kuna mahali pa kula, na humo ndani ndimo ilimo IHLIA, hifadhi ya vitabu, magazeti na kumbukumbu za maisha ya watu wa aina ya mdogo wako. Kwa mtu kama wewe ambaye hujui uanzie wapi, saa moja kati ya rafu zile itakusaidia kuliko saa nne za muziki.

Si mbali na hapo, mtaa wa Zeedijk, kuna baa ndogo iitwayo Café 't Mandje. Ilifunguliwa mwaka 1927 na mwanamke aliyeitwa Bet van Beeren, ambaye hakuficha kwamba anapenda wanawake, wakati ambao karibu kila mtu alificha. Alikuwa akiwakata wateja tai na kuzitundika darini. Hunywi pombe? Agiza kahawa. Ila wikendi ya Pride hujaa hadi mlangoni, kwa hiyo pitieni Ijumaa mapema.

Na mahali pamoja ambapo ningeomba mwende hata kama mvua inanyesha ni kwenye Homomonument, kando ya kanisa la Westerkerk, hatua chache kutoka nyumba ambamo Anne Frank, msichana wa Kiyahudi, alijificha Wanazi wa Hitler. Ni pembetatu tatu za mawe ya graniti ya waridi zilizochorwa na Karin Daan na kuzinduliwa mwaka 1987, na moja inashuka kwa ngazi hadi kwenye maji ya mfereji wa Keizersgracht. Shikaneni mikono mkishuka, graniti iliyolowa haina huruma. Pembetatu ya waridi ilikuwa alama ambayo Wanazi waliwashonea nguoni wanaume waliofungwa kambini kwa sababu ya kupenda wanaume wenzao. Watu huenda kuweka maua pale. Nunua shada dogo njiani ulete wewe, dada mtu. Usiseme kitu. Ataelewa.

Kuhusu picha sikubezi, hofu hiyo ina msingi. Kwetu Kenya kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai bado kinataja kifungo cha hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Wewe kusimama kando ya mfereji Uholanzi si kosa popote, lakini najua mnachoogopa si mahakama peke yake, ni midomo ya watu. Kwa hiyo pangeni. Ijumaa usiku, mkiwa wote watano, sema wazi: "Tafadhali msiniweke kwenye picha za mtandaoni na msinitagi." Watu wa huko hulisikia ombi hilo mara nyingi na wanaliheshimu, na pengine mmoja wa hao rafiki ana hofu hiyohiyo. Usiweke status ya WhatsApp, wala usionyeshe mahali ulipo. Wapiga picha hupenda safu ya mbele, basi simama safu ya tatu au ya nne. Na hapo mvua inakuwa upande wako: ukivuta kofia ya koti hadi kwenye nyusi, huyo binamu hata akiipata picha hatakujua.

Lakini kumbuka ni nani mwenye hatari kubwa zaidi. Wewe ukiulizwa, utajibu kwamba ulikwenda kumtembeza mdogo wako Amsterdam, na ni kweli. Yeye hana jibu jepesi kama hilo. Kabla hujatuma picha yoyote kwa yeyote, hata ya mfereji mtupu, muulize. Siri hii ni yake. Mama asiisikie kutoka kwako, wala kwa bahati mbaya, wala kwa nia njema. Akitaka kumwambia, atachagua siku mwenyewe, na huenda akakuomba uwepo.

Kwaya sina mengi. Hakukuomba ubadili imani yako wala ukatoe hotuba. Amekuomba ukae naye. Hilo unaweza kulifanya na Jumapili inayofuata ukaimba kama kawaida.

Wekeni mipaka mapema pia, ili usichukie safari. Jioni baada ya gwaride kuna muziki wa mitaani na watu hunywa, na vijana watataka kubaki hadi usiku wa manane. Mwambie tangu sasa, "Nitakuwa nanyi hadi saa mbili usiku, halafu mimi narudi hotelini, nyinyi endeleeni." Hatakasirika. Kinachomuumiza mtu ni kuona mwenzake amenuna kutwa na hasemi.

Sasa lile la jikoni, ambalo ndilo ungeniandikia hata kama jua lingewaka. Ijumaa mkiwa chumbani, kabla ya rafiki zake kufika, mwambie kwa maneno yako: "Siku ile nilisema 'sawa' kwa sababu sikujua niseme nini. Sikuwa na hasira. Ningependa kujua zaidi, kama unataka kunieleza." Halafu nyamaza, umwachie nafasi. Usimuulize nani alimfundisha, wala kama ataoa siku moja. Muulize kama yuko salama. Muulize kama alikuwa mpweke pale shuleni. Muulize kama ana mtu, na kama yupo, anaitwa nani. Ukishindwa kusema yote hayo, sema hata nusu. Maji ya moto ya chai huwa yanasaidia, na mvua dirishani pia, kwa sababu hakuna anayeharakisha kutoka.

Ya safari ni machache. Treni ya moja kwa moja kutoka Düsseldorf hadi Amsterdam huchukua zaidi kidogo ya saa mbili. Beba pasipoti na kadi yako ya ukaaji, mdogo wako vilevile, maana Ujerumani na Uholanzi zote zilirudisha ukaguzi mpakani mwaka 2024, na watu wa rangi yetu ndio huombwa karatasi kwanza. Siku ya Jumamosi msitegemee tramu wala teksi katikati ya mji. Mtatembea. Na msikodi baiskeli, kwenye umati na matofali yaliyolowa ni kutafuta kuvunjika mkono.

Tiketi ya kurudi, kata ya Jumapili jioni. Najua kishawishi chako kitakuwa treni ya asubuhi, uwahi nyumbani, ufue, ujiandae na zamu ya Jumatatu. Lakini Jumapili asubuhi rafiki zake watakuwa wamelala, mitaa itakuwa inafagiwa, mtakuwa wawili tu mkitafuta mahali pa kunywa chai, na kama nimemwelewa mdogo wako vizuri kutokana na barua yako, hayo ndiyo masaa aliyoyalipia.